Kabla ya dola za Upwork, kuna vyungu vya Ilesi

Ukitoka Chavakali kuelekea Kakamega, barabara inakupitisha Sigalagala, kisha Khayega, Mukumu na Ilesi, na kabla utingo hajamaliza kukusanya nauli, mko mjini. Safari ni fupi, ila ina mengi. Kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, na misheni ya Kikatoliki iliyopita umri wa miaka mia. Kuna soko la Khayega na njia panda ya kwenda Shinyalu hadi msituni. Kuna akina mama wafinyanzi wanaopanga vyungu kando ya lami, na lile jiwe la Ilesi, Ikhongamurwi, linalochuruzika maji kama mtu anayelia. Mtu aliye Nairobi, Mombasa au Doha angependa kujua kitu fulani kuhusu kila mojawapo kabla hajafunga safari au hajatuma pesa: chungu kikubwa ni bei gani, mwongozaji wa msituni anapatikana vipi, shule inadai karo kiasi gani, ng'ombe watapigana wapi Jumamosi.

Na hapohapo Khayega kuna vijana waliojifunza, au wanaotaka kujifunza, kutengeneza tovuti. Waulize wanatafuta kazi wapi. Wengi watakutajia Upwork, Fiverr na mteja fulani wa Marekani ambaye bado hajajitokeza.

Sina ugomvi na dola. Anayeweza kuzipata azipate. Ila nadhani tumewaelekeza wanaoanza mlango usio wao, na tumefanya hivyo kwa sababu zinazoeleweka.

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilibadilika, na ndani ya miaka michache kazi ya mtandaoni ikawa neno la kawaida hata katika miji midogo ya Magharibi. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital, ukafungua vituo na vilabu vyuoni, na ujumbe wake ukawa kwamba dunia nzima inatafuta wafanyakazi nawe una simu. Vijana wakaitikia. Wa kwanza waliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Kazi hiyo ililipa karo na kununua pikipiki nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, hadi Uingereza ikapitisha sheria mwaka 2022 ya kupiga marufuku biashara hiyo. Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatokea, na mwanafunzi wa ng'ambo akapata mwandishi asiyelala na asiyedai. Wengine wakahamia kazi za kuweka alama kwenye picha na maandishi ya kufundishia akili bandia. Machi 2024 Remotasks, mojawapo ya majukwaa ya kazi hizo, ikawaarifu watu wake wa Kenya kwa barua pepe kwamba imesitisha shughuli nchini. Aliyelala na kazi akaamka hana.

Katika mikasa yote hiyo, kilichouzwa ni muda wa kijana, mnunuzi hakuwa na sura, na bomba lilifungiwa mbali. Mfanyakazi aliachwa bila kitu cha kumwonyesha jirani. Kutengeneza tovuti ni kazi ya namna nyingine: ukishaijua, hakuna kampuni ya California inayoweza kuifunga akaunti ya maarifa yako. Ndiyo maana naona ni hasara kuichukua kazi hii na kuipeleka moja kwa moja kwenye foleni ileile.

Hebu tuihesabu hiyo foleni. Upwork humtaka anayeomba kazi alipie maombi yake kwa tokeni wanazoziita Connects, kila moja senti 15 za dola. Ombi moja huweza kula tokeni kumi au zaidi. Hiyo ni dola moja na nusu, karibu shilingi mia mbili, na hujajibiwa. Mwenye akaunti mpya isiyo na sifa hata moja anashindana na watu wa Lahore, Manila na Lagos wenye kazi mia mbili nyuma yao. Maombi kumi ni shilingi elfu mbili. Kwa pesa hiyo kijana wa Khayega angelipia anwani ya tovuti inayoishia na .co.ke kwa mwaka mzima, akabakiwa na ya bando. Si ajabu kukazuka biashara ya kukodisha akaunti zilizokwisha kupata sifa. Anayeikodi anavunja masharti, na siku akikamatwa hana pa kulalamikia.

Basi mteja wa karibu ni nani? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa huingia dukani na kuuliza, “Mzee, ungependa tovuti?” Mwenye hadiwea atajibu, na ana haki, “Kijana wangu, mimi nina WhatsApp. Tovuti ni ya nini?” Wateja wake wanamjua, wengine tangu wakiwa wadogo. Misumari haihitaji ukurasa. Ukimlazimisha atakupa elfu mbili kwa huruma, na mwakani tovuti imekufa kwa kuwa hakuna aliyelipia tena anwani yake.

Anayehitaji tovuti ni yule ambaye mteja wake hamjui. Kigezo hicho kimoja kinatosha kuchuja barabara nzima, kutoka Sigalagala hadi Kakamega mjini. Hadiwea hapana. Kinyozi hapana. Wafinyanzi wa Ilesi ndiyo, kwa sababu anayenunua chungu cha kupandia maua kwa ajili ya hoteli yuko Kisumu au Nairobi na hajui pa kupiga simu. Waongozaji wa msituni, kule Isecheno, ndiyo: Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee cha Kenya kilichobaki cha msitu wa mvua wa Afrika ya kati, na watu huvuka bahari kuja kuwaona ndege wake. Mgeni wa namna hiyo hupanga safari miezi kabla, na hupanga kwa kutafuta Google, si kwa kupita Khayega akiuliza. Shule za binafsi ndiyo. Vyama vya akiba ndiyo. Na kikundi cha vijana kinachoomba zabuni za serikali chini ya mpango wa AGPO, unaowatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi, kinaonekana cha maana zaidi kikiwa na barua pepe yenye jina lake kuliko ile ya bure ambayo kila mtu anayo.

Sasa mafunzo yenyewe. Wa Khayega ana bahati ya kuwa na jirani: Sigalagala National Polytechnic hufundisha kompyuta, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega mjini. Lakini mwenye cheti cha kidato cha nne na simu tu anaweza kuanza leo bila kumngoja mtu. HTML, lugha inayobeba kilichomo kwenye ukurasa, na CSS, inayoupamba, zinafundishwa bure na freeCodeCamp, shirika lisilo la faida lililoanza mwaka 2014. Kozi yao ya kutengeneza kurasa imekuwa ikikadiriwa saa 300. Ukitenga saa mbili kila siku, ni miezi mitano. Anayekuuzia kozi ya “wiki mbili uwe mtaalamu” anajua unachotamani kusikia.

Simu inatosha kwa kuanzia. Kuna programu za bure za Android, kama Acode, ambazo unaandikia msimbo na kuuona ukurasa papo hapo. Inachosha, vidole vinapotea kati ya mabano, na baada ya mwezi mmoja au miwili utatamani laptopu hata kama ni kuukuu iliyotoka Ulaya ikiwa imeshatumiwa na watu wawili. Lakini simu ina faida ambayo laptopu haina: inakulazimisha kuiona kazi yako jinsi mteja atakavyoiona.

Faida hiyo si ndogo. Chukua binti aliyetengeneza ukurasa wake wa kwanza kwenye kompyuta ya saiba. Ni mzuri: kichwa kikubwa, picha nane za vyungu, bei chini ya kila picha. Anautuma kwa shangazi yake. Shangazi anaufungua kwenye simu na kukuta herufi kama mchwa. Hapo hakuna uchawi. Simu, isipoambiwa vingine, hudhani ukurasa umeandikiwa kompyuta. Huupanga katika upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana hadi uenee kwenye kioo chenye 360. Kila kitu kinabaki karibu theluthi moja ya ukubwa wake. Dawa yake ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa, unaoiambia simu itumie upana wake yenyewe. Mstari huo unaitwa “viewport”. Nimeona kurasa za watu waliolipwa vizuri zisizokuwa nao.

Binti anaurekebisha. Anautuma tena. Shangazi anasema umefunguka, lakini picha hazionekani, kuna duara tu linazunguka. Picha ya simu ya siku hizi huwa na megabaiti tatu au nne. Nane ni kama megabaiti 30, na shangazi amenunua bando ya shilingi ishirini ambayo pia ni ya kuongea na watoto wake. Hata mtandao ungekuwa na kasi, ukurasa huo ni wizi. Kila picha ipunguzwe hadi upana wa pikseli elfu moja na ihifadhiwe upya. Itashuka hadi kilobaiti 150 hivi, na zote nane hazitazidi megabaiti moja na kidogo. Jicho halioni tofauti. Bando inaiona.

Linalofuata ni kitufe. Mteja wa Kisumu akishaona chungu anachokitaka, asiachwe anakili namba kwa kalamu. Kiungo kinachoanza na wa.me, kikifuatiwa na namba ya simu, humfungulia WhatsApp moja kwa moja, na unaweza hata kumwandikia ujumbe mapema ili abonyeze kutuma tu: “Habari, naulizia chungu cha picha ya tatu.” Wanaoanza hukosea hapa kwa jambo dogo sana: huandika namba ikianza na sifuri, kama tulivyozoea. Kiungo hakifanyi kazi. Inatakiwa 254, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha. Na yule mwenye hadiwea aliyesema ana WhatsApp? Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tovuti nyingi za huku zinapaswa kuwa mlango wa kuingilia WhatsApp ya mtu, si mbadala wake.

Kuna pia kero za kila siku ambazo kozi hazizitaji. CSS iliandikwa kwa tahajia ya Marekani. Aliyefundishwa shuleni kuandika “colour” atashinda mchana kutwa akishangaa kwa nini maandishi yamekataa kuwa ya kijani, kwa sababu kivinjari hakilalamiki, kinapuuza tu. Alama moja ya nukta-mkato ikisahaulika, mstari huo na unaofuata yote miwili inapotea. Stima ikikatika kabla hujahifadhi, umeanza upya. Kazi hii inataka mtu anayeweza kukaa na kosa bila kumtafuta wa kulaumiwa, na si kila kijana mwerevu yuko hivyo. Afadhali ajue mapema kuliko baada ya kuuza mbuzi wa nyumbani alipie kozi.

Mtu atasema: mbona akili bandia siku hizi inatengeneza ukurasa mzima kwa sentensi moja? Kweli, inatengeneza, na anayeanza aitumie, hasa kuuliza kwa nini msimbo wake umekataa. Lakini iambie ikutengenezee ukurasa wa wafinyanzi wa Ilesi uone. Itakuletea sentensi laini kuhusu urithi na ubunifu, na picha ya chungu ambacho hakijawahi kuchomwa mahali popote duniani. Haijui kwamba mnunuzi atauliza kwanza kama chungu kinastahimili moto wa kuni au ni cha maji tu, kisha atauliza kitafikaje Nairobi bila kupasuka. Maswali hayo mawili ndiyo tovuti. Yanapatikana kwa kukaa kando ya lami nusu siku na kusikiliza wateja wanaosimamisha magari, na huko ndiko mwenyeji anakomshinda mtu wa Lahore na mashine kwa pamoja.

Shule nazo zinalipa, lakini zina mtego. Mkurugenzi atataka picha za watoto wakitabasamu darasani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya picha ya mtoto kutumiwa hivyo, na si sheria ya kupamba rafu: mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi wao. Fundi wa tovuti anayemweleza mkurugenzi jambo hilo mapema, na kumletea fomu ya idhini iliyokwisha kuandikwa, ametoa huduma ambayo hata mtaalamu wa mjini huenda asiikumbuke. Ajue pia kwamba shule za msingi na sekondari zina anwani zao, .sc.ke, na kwamba msimamizi wa anwani zote za .ke ni KeNIC, ambayo humtaka mteja apitie kwa mawakala waliosajiliwa.

Hapo kuna jambo la heshima ambalo lazima nilitaje, hata kama litawaudhi baadhi ya mafundi. Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la mwenye biashara na barua pepe yake. Si kwa jina la fundi. Kuna wanaozishikilia kwa makusudi ili mteja asiweze kuwatoroka, na kuna wanaofanya hivyo kwa uvivu tu. Matokeo ni yaleyale siku fundi akienda Saudia kutafuta maisha na namba yake ikazimwa. Kikundi cha akina mama kinapoteza jina lililochapishwa kwenye kadi zao zote. Mji mdogo haumsahau mtu wa namna hiyo, wala nyumba aliyotoka.

Bei ndiyo sina jibu moja. Mtandaoni utaona matangazo ya tovuti za elfu tano na za laki. Mimi ningemshauri anayeanza asifanye kazi ya bure zaidi ya moja, na hiyo moja aifanyie kikundi kinachojulikana, ili kiwe ushahidi wake. Ukurasa wa namna hiyo, usio na malipo wala akaunti za wateja, unaweza kuwekwa mtandaoni bila gharama, kwa hivyo anacholipa mteja ni anwani tu na jasho. Kuanzia wa pili adai pesa, nusu kabla ya kuanza. Na adai malipo madogo ya kila mwaka ya kuutunza, akieleza waziwazi ni ya nini: anwani, kubadilisha bei, kuongeza picha. Wateja kumi wanaolipa kila Januari ni mshahara mdogo usiotegemea barua pepe ya mtu wa San Francisco. WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, ijifunzwe baada ya hapo, mteja anapotaka kubadilisha mambo mwenyewe. Ukianza nayo utajua kubonyeza, hutajua kilichoharibika.

Halafu, mwenye ushahidi wa kurasa tano zinazofanya kazi na aende Upwork akitaka. Atakuwa na cha kuonyesha. Tangu mwaka 2018 pesa ya PayPal inatolewa hadi M-Pesa, kwa hivyo malipo hayatakwama.

Kazi moja nimeiacha kwa makusudi kwa sababu ningependa mtu wa Khayega aichukue. Michezo ya ng'ombe kupigana, ya Waisukha na Waidakho, hujaza viwanja hasa Desemba, wana wa nyumbani wakirudi kutoka mijini. Hupigwa asubuhi mapema, na ngoma za isukuti, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zikitangulia. Habari za wapi na lini hupita kwa mdomo na kwenye vikundi vya WhatsApp. Mgeni aliyelala Kakamega mjini anapata habari saa nne asubuhi, ng'ombe wameshapelekwa nyumbani. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja mwepesi: tarehe, uwanja, saa, majina ya ng'ombe, namna ya kufika kutoka njia panda ya Khayega, na namba ya mwandalizi inayoanza na 254. Hoteli za mjini zingelipia kuwa na jina lao chini yake, na waendesha boda boda pia. Anayeanza saa zake mbili kwa siku mwezi wa Juni atazimaliza 300 mwisho wa Oktoba, na Novemba nzima itabaki ya kuwazungukia wenye ng'ombe akiomba ratiba.